Jiwe la Liwa la Bi Kazija

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, maana majamvi ya matanga tumeyakunja juzi tu, ingawa habari yenyewe ilianza miaka kadhaa nyuma, siku ya Alhamisi, mwezi tatu Mfunguo Nne, saa kumi za alasiri. Saa hiyo ndiyo mambo yalipogeuka nyumbani kwangu. Nisikilizeni, nami nitakwenda polepole. Siku hizi hata maneno nayaona mazito.

Mke wangu, Bi Kazija, alikuwa somo, yaani kungwi, wa mabibi harusi wa mtaa wetu wa Kichangani. Msichana akiposwa, huletwa kwake, akawekwa ndani. Haoni jua. Asubuhi husuguliwa singo, ule unga wa manukato wa kung'arisha ngozi, jioni husuguliwa singo. Hulishwa, hulazwa, hanyanyui hata kopo la maji. Bi Kazija alikuwa na jiwe la kusagia liwa, ule mti wa kunukia; alipewa na bibi yake, nalo limelika katikati likawa kama kisahani. Watu walisema mwali aliyepakwa liwa ya jiwe lile hutoka mweupe kama asumini. Mweupe na mnene, huyo ametunzwa. Mweusi na mwembamba, huyo kwao kuna shida. Ndivyo tulivyolelewa, wanaume kwa wanawake, na sikumsikia mtu akiuliza kwa nini.

Bi Kazija mwenyewe alikuwa mweupe, tena mnene. Alikaa kivulini barazani, kwenye kiti chake kipana, na wapita njia wakasema, "Mashaallah, Bwana Faki anajua kutunza." Nami nilifurahi.

Basi Alhamisi hiyo ilikuwa harusi. Somo ndiye anayemshika mwali mkono akamtoa mbele ya watu. Vigelegele vikapaa, mwali akasimama. Bi Kazija hakusimama. Alijaribu, miguu ikakataa. Akamwambia mwali kwa sauti ndogo, "Tangulia, mwanangu, kiatu kimenibana."

Alikuwa peku.

Tulimpeleka hospitali. Daktari akasema ni sukari, na mguu wa kushoto umeanza kufa ganzi. Akasema atembee kila siku, apunguze mwili, la sivyo mguu utakatwa. Bi Kazija alirudi akakaa kwenye kiti chake. "Nitembee nimekuwa tarishi? Jua linichome, niwe mweusi uzeeni?"

Sasa sikilizeni habari ya watu watatu.

Wa kwanza ni Zuwena, binti yetu. Wengine wote tulimbembeleza mgonjwa. Tulimwambia amenawiri, hana kitu, daktari anatisha watu. Zuwena hakubembeleza. Alikuja asubuhi, akakibeba kile kiti kipana kichwani, akaondoka nacho.

"Zuwena! Rudisha kiti changu!"

"Kifuate, mama. Kiko kwangu, karibu na msikiti."

"Mimi ndiye niliyekuzaa!"

"Ndiyo maana nautaka mguu huo ubaki; ndio uliokuja kunichukua chuoni nilipokuwa mdogo."

Bi Kazija alilia kwa hasira. Ramadhani nzima hakumsemesha mwanawe. Futari ya Zuwena ililetwa, ikarudishwa kama ilivyokuja. Zuwena akaipika tena kesho yake, akaileta. Kiti hakukirudisha, na mama mtu akaanza kusimama na kuzunguka sebuleni. Huyo ni Zuwena. Mkumbukeni.

Wa pili ni Bi Mize, jirani yetu, shoga yake Bi Kazija tangu utotoni. Kukosa kiti ni jambo moja, na kutoka nje ni jingine. Mwanamke mtu mzima akionekana anatembea asubuhi bila mzigo, bila msiba, bila harusi, mtaa utasema nini? Walikwisha kuanza. "Kazija kaachwa, anatafuta mume kwa miguu." "Faki kafilisika, mke anakonda." Bi Kazija aliyasikia dirishani, akazidi kujifungia.

Bi Mize alikuwa mnene kumpita yeye, na kutembea alikuchukia kama dawa ya kunywa. Siku moja baada ya sala ya alfajiri akaja na miavuli miwili. "Haya shoga, vaa buibui. Wakicheka, na watucheke wote wawili."

Wakatoka. Mwanamke mmoja akapaza sauti dirishani, "Bi Mize, mnakimbizwa na nani?"

"Na kaburi, mwenzangu! Wewe kaa hapo hapo, litakukuta umekaa."

Mtaa ukacheka, lakini safari hii walicheka pamoja nao. Baada ya mwezi wanawake wengine wakaanza kufuata, miavuli kama kundi la kunguru. Aibu ikaisha. Bi Mize magoti yalimuuma, akayapaka mafuta, akarudi kesho yake. Huyo ni Bi Mize. Mkumbukeni.

Wa tatu ni Raya, mke wa mwanangu Hamadi. Raya ni mrefu, na ni mweusi, mweusi hasa. Alipoposwa, Bi Kazija alimweka ndani kama wenziwe, akamsugua mara mbili ya wenziwe. Akamsugua mpaka mabega yakachubuka. Siku ya harusi, mbele ya wageni, akasema, "Mkono umeniuma, weusi haukutoka." Wageni walicheka. Raya aliinamisha kichwa.

Huyo Raya ndiye aliyemshika mkwewe mkono kila siku. Bi Mize alikuja anapoweza. Raya alikuja mvua na jua. Wakirudi, alimwosha miguu, akaitazama kidole kwa kidole asije akawa na jeraha asilolisikia. Na njiani, mwavuli ulipopeperushwa na upepo, Raya alihamia upande linakotoka jua. "Kaa hapa kivulini kwangu, mama. Mimi jua halina la kunifanya." Mweupe akatembea ndani ya kivuli cha mweusi, asubuhi baada ya asubuhi.

Siku moja Bi Kazija akasimama katikati ya njia, penye karafuu zilizoanikwa. "Raya. Siku zile za singo, nilikuumiza?"

"Kidogo, mama."

Bi Kazija akaufunga mwavuli, akahamia upande wa jua. "Leo kaa wewe kivulini kwangu." Lakini alikuwa mfupi, kivuli chake kilimfika Raya begani tu. Walirudi wanacheka, mimi nikawasikia tangu kisimani.

Jioni ile alijitazama kwenye kioo. "Faki, nimekuwa mweusi." Kisha akanyoosha mguu. "Lakini njoo uone! Kifundo changu kimerudi!"

Huyo ni Raya. Mkumbukeni na yeye.

Bi Kazija aliishi miaka mingine kwa miguu yake miwili. Siku za harusi za watu alisimama akawatoa mabibi harusi mwenyewe. Na homa ilipomjia, safari ya mwisho, aliingia chumbani bila kushikwa. Akapiga shahada, roho ikamtoka. Kabla ya hapo alinishika mkono akaniambia, "Jiwe langu apewe yule aliyenirudishia miguu. Wewe unamjua." Nikasema ndiyo. Alikuwa amechoka, sikutaka kumuuliza.

Mngedhani ni jiwe tu. Lakini mwenye jiwe ndiye somo wa mtaa. Na mwali wa kwanza atakayewekwa ndani, mwezi ujao Mungu akipenda, ni Asya, binti yake Raya. Ni mrefu na mweusi kama mama yake, na tangu bibi yake alipokuwa hai anatembea kila alfajiri, hakuna wa kumfikia.

Tumekaa baada ya arobaini, jiwe liko mapajani mwangu. Zuwena akasema, "Baba, ni langu. Bila mimi angekuwa kitini mpaka leo. Wao walitembea na mtu niliyemsimamisha mimi. Na nikilipata nitalizika. Hasuguliwi tena mtoto wa mtu."

Bi Mize akasema, "Shemeji, kumsimamisha mtu sebuleni si kumtoa mlangoni. Mimi nilibeba matusi yake. Nipe mimi. Liwa ina harufu nzuri, jiwe halina kosa. Nitampaka Asya anukie, weupe siutafuti. Lakini ndani atakaa, na kula atakula. Mila tusiitupe yote."

Nikamgeukia Raya. Nikamwambia, "Sema na wewe, mwanangu."

"Mama alinishika mimi mkono njiani, baba. Unajua." Akalitazama jiwe. "Nikilipata nitamsugua Asya mwenyewe, polepole. Simwachii jua hata dirishani. Mwanangu asije akachekwa siku yake kama nilivyochekwa mimi."

Zuwena akaruka. "Wewe, Raya? Wewe wa kusema hivyo?"

"Mimi, wifi. Wewe hukuchekwa."

Asya alikuwa mlangoni, viatu vya kutembelea mkononi. "Babu, mpe unayemtaka," akasema. "Lakini mwezi mzima bila kutembea, mimi nitaugua."

Wote wakanitazama. Aliyemrudishia miguu zaidi ya wote ndiye atakayemfungia mtoto ndani. Anayetaka kumwacha mtoto huru atalifukia jiwe la bibi wa bibi. Na wa katikati ana kidogo cha huku na kidogo cha kule. Kazija alidhani namjua.

Nyinyi mlionisikiliza, mnasemaje? Je, jiwe nimpe nani?

Ewe Mola, mrehemu Kazija, mpanulie kaburi lake, ulitie nuru, na siku ya kufufuliwa msimamishe kwa miguu yake mwenyewe. Amin.