Bi Rumaitha na Jina la Hafidha

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika bonde la Hadhramauti aliishi mwanamke mchamungu akiitwa Bi Rumaitha. Aliihifadhi Qur'ani yote tangu ujanani, na mabinti wengi wa mji ule waliihifadhi kwake. Watu wakimwita Hafidha, hata wengine hawakulijua jina lake jingine.

Ikawa, kwa kudura ya Mola, akashikwa na homa kali. Alipopata nafuu akasimama kuswali, akatoa takbira, kisha asipate la kusoma. Hata Alhamdu ilikuwa imemtoka. Akaketi juu ya msala akilia kama mtoto.

Ramadhani ilipoingia, wanawake wakakusanyika nyumbani kwake kumsikiliza, kama ilivyokuwa ada. Mwanafunzi wake Lubaba, aliyemuuguza, akamnong'oneza chumbani:

"Mwalimu, tukae sote nyuma ya pazia, nisome mimi. Sauti zetu zafanana. Hakuna atakayejua."

"Mola wangu atajua, mwanangu. Amana hailindwi kwa uongo."

Akatoka akijikongoja, akasimama mbele yao.

"Enyi dada zangu, msiniite tena Hafidha. Nilichopewa kimeondoka. Niombeeni."

Wanawake wakainamisha vichwa. Wengine wakatokwa na machozi. Lubaba akamsogelea, akamshika mkono.

"Mwalimu, niwie radhi niseme. Katika lugha ya Waarabu, hafidhi asili yake ni mlinzi, mwenye kuchunga kitu kisipotee. Mwenye Qur'ani kifuani akapewa jina hilo kwa kuwa anailinda. Je, mlinzi aliyekwisha kuifikisha amana kwa watu, huambiwa ameipoteza? Uliyoilinda tunayo sisi."

Kisha akaanza kusoma. Alipotua akapokea mwenzake, na mwingine baada yake, wote mabinti aliowasomesha. Bi Rumaitha akasikiliza, machozi yakimlowesha ushungi, akasema kwa sauti ndogo:

"Subhanallah! Nilidhani mimi ndiye mlinzi. Kumbe miaka yote nalindwa."

Tangu hapo kila alfajiri Lubaba alimfundisha Alhamdu, aya baada ya aya. Jua likipanda huwa ameisahau, na kesho yake huanza upya, wala hakuna aliyemwona akinung'unika. Akafariki asubuhi moja akiisoma, mkono wake mkononi mwa Lubaba.

Ndugu yangu, tulichopewa tukitunze kwa ukweli, na kikituponyoka tusikate tamaa. Al-Hafiidh, Mlinzi wa walinzi wote, hasahau.