Jiwe Jeupe Lililosema "Bado"

Njooni, enyi kusanyiko! Usogeleeni moto, tegeni masikio, tulizeni mioyo. Paukwa, nawaita!

Pakawa, twasikia!

Hapo zamani za kale, katika milima ya Tibeti, palikuwa na mtawala aitwaye Norbu. Alikula akasaza wala hakugawa. Alifoka wala hakusikiliza. Ndipo tumbo lake likawaka moto, na kila alichokula kikamrudia kooni kama siki. Akakonda, joho likamvaa yeye.

Akaitwa tabibu Dolkar, mjane. Akaja na ng'ombe wake wa milimani, mwenye manyoya ya kufagia ardhi, na jiwe jeupe begani.

"Mtawala, jiwe hili litakuponya. Lakini ni kali. Sharti lipite motoni, lipite maziwani, lipite majini."

"Siku ngapi?"

"Litasema lenyewe."

"Jiwe liseme! Bibi, nakupa siku tatu. Nisipopona, utavuka mlima huu usirudi."

Siku ya kwanza Dolkar akalichoma jiwe kwa samadi kavu hata likawa jekundu. "Jiwe, jiwe, u tayari?"

"Bado, mama. Ukali ungali ndani yangu."

Lilipopoa, Norbu akanyakua kipande, akalamba. Ulimi ukamtoka malengelenge.

"Masikio yote hayo," akasema ng'ombe akimtazama Norbu, "kumbe ni ya kuning'inizia hereni!"

Siku ya pili Dolkar akalichoma tena, akalizamisha katika maziwa. "Jiwe, jiwe, u tayari?"

"Bado, mama. Ukali ungali ndani yangu."

Norbu akaiba kijiko kizima cha maziwa hayo, akanywa, akaanguka akitapika. Dolkar hakumcheka. Akamwinua kichwa, akamsukutua kinywa. "Mwanangu, unaikimbilia dawa kama mwizi. Ingoje kama mgonjwa."

Siku ya tatu akalisaga, akautia unga chunguni, akaenda kuuosha mtoni penye barafu, Norbu akimfuata. Maji yakatoka machafu. Akaosha tena na tena, hata mikono ikafa ganzi na chungu kikamponyoka. Ng'ombe akakizuia kwa pua.

"Jua linashuka," akasema Dolkar. "Mimi nitafukuzwa, nawe utakufa."

Ndipo Norbu, ambaye hakuwahi kumpigia mtu goti, akapiga magoti kwenye barafu. Akakitwaa chungu. Akaosha, maji machafu. Akaosha, maji machafu. Akaosha akilia, na tazameni! Maji yakawa safi kama jicho la mtoto.

"Jiwe, jiwe, u tayari?"

"Tayari. Nawe je, mwanangu?"

"Tayari," akajibu kwa sauti ndogo. "Mama Dolkar, nisamehe."

Dolkar akampa unga wa jiwe kwa ncha ya kijiko. Moto wa tumboni ukazimika! Norbu akasimama, akaamuru shayiri ya ghalani itolewe yote, akawagawia watu kwanza, akala wa mwisho. Bonde zima likapiga vigelegele, na Dolkar akapandishwa juu ya ng'ombe wake kama malkia.

Hapa hadithi yangu natua. Nawe uliyeketi hapo na moyo mkali, usiukimbie moto wala usiyachukie maji. Piga goti leo, oshwa, ukamgawie jirani yako kabla jua halijazama.