Mto wa Bi Mwanaheri

Wahenga walinena kwamba kipendacho moyo ni dawa. Kitu unachokitamani kwa dhati ndicho kitakachokuinua kitandani, hata kama daktari hakioni kuwa ni dawa.

Bi Mwanaheri wa Ibra, Omani, alirudi kutoka hospitali amekonda kama ng'onda. Homa ilikuwa imekwisha, lakini chakula hakikupita kooni. Uji alikataa, tende alikataa, hata mkate wa kumimina aliopikiwa na bintiye Tamima aliupa mgongo. Daktari alishasema wazi: asipokula, arudishwe, atiwe mpira wa kulishia puani. Tamima akamwinamia.

"Mama, wataka nini? Sema tu, mama'ngu."

"Nataka mto wangu."

Tamima alizaliwa Ibra, na Kiswahili chake, kama cha kakaye, kilikuwa cha jikoni na chumbani. Akaleta mto wa pamba, ukasukumwa. Akaleta wa sufi, ukatupwa chini. Akampigia simu kakaye, Azzam, naye akaja mbio kutoka Sur na mto mnono kama mbuzi wa Idi.

"Si huu! Wangu una daraja."

"Wallahi huu daraja la kwanza, mama!" Azzam akaapa. "Wa hoteli kubwa!"

"Basi ulalie wewe mwenye kichwa kizito. Wangu una daraja, tena una mashua."

Ndugu wakatazamana. "Homa imempanda kichwani," Azzam akanong'ona. "Mto una mashua?"

"Mwili ndio ulioumwa, si masikio!" mama akamkata.

Tamima akageuka kuficha machozi, na macho yake yakatua ukutani. Ukuta ulipakwa rangi mama alipokuwa hospitali. Msumari ulibaki mtupu kama mjane. Hapo ndipo ilipotundikwa picha ya rangi za maji, mchoro wa kale wa Mzungu fulani aliyependa mawingu kuliko majumba: mji, maji mapana, daraja, na mashua zilizozama katika ukungu. Marehemu baba yao aliinunua mnadani Unguja mwaka aliooa. Kila alasiri walikunywa kahawa mbele yake, naye akimwambia mkewe, "Haya bibi, twende tukavuke."

Ibra haina mto. Ina wadi, bonde la kupitisha maji ya mvua, nalo kavu. Tamima hakuwahi kuuliza maji yale yanaitwaje kwa Kiswahili.

"Azzam! Stoo!"

Waliikuta nyuma ya makopo ya rangi. Wakaipangusa kwa kitambaa kikavu, wakaitundika. Bi Mwanaheri akaitazama kutoka ukingo hadi ukingo.

"Nimeshavuka," akasema hatimaye. "Ng'ambo huku njaa inauma. Uko wapi ule mkate?"

Akala, akaongeza, akadai na kahawa. Azzam alijitupa chini hoi, kichwa juu ya mto wa hoteli.

"Mto upi huo, kaka?" Tamima akamchokoza.

"Wa kulalia," akajibu, amefumba macho. "Ule una mwenyewe."

Kweli, kipendacho moyo ni dawa.