Kichwa Chenye Kofia

Hapo zamani, tena si zamani ya babu zenu, ni hii hii ya simu na chaji kuisha, Tanga palikuwa na Bi Mgeni. Mjukuu wake wa kike alizaliwa kimya, hana pumzi. Mkunga mmoja kutoka Korea, jina lake Hijin, akamwekea mdomo akampulizia: hhh, hhh! Mtoto akalia mpaka majirani wakaja kulalamika. Mkunga akatia sahihi kwenye kadi ya kliniki kwa herufi moja tu ya kwao, ile inayoanza jina lake: ㅎ.

Bi Mgeni akaitazama. "Kichwa chenye kofia!" Akala yamini: "Mjukuu wangu hapewi jina mpaka aliyempa pumzi ashukuriwe kwa kanga yenye herufi yake. Na atakayeifikisha herufi hiyo kwenye kanga, ndiye atakayempa mtoto jina!"

Basi mtoto akaitwa Huyu. Huyu kanyonya? Huyu kalala. Na mkunga kabakiza siku kumi arudi kwao.

Bi Mgeni akampigia simu mchapa kanga wa Dar. "Andika: SHUKRANI YA PUNDA MATEKE, YETU KANGA. Halafu weka kichwa chenye kofia."

Kitambaa cha majaribio kikaja. Maneno sawasawa, na pembeni mzee wa sharubu kavaa kofia ya viua.

"Na huyu mume wa nani?" akauliza Bi Mgeni.

Akaja jirani yake, Mwalimu Zuwena. "Shoga, kompyuta haijui kofia, inajua namba. Kila herufi duniani imepewa namba yake. Yako ni elfu kumi na mbili, mia sita ishirini na mbili."

"Yote hiyo kwa kofia moja?"

Namba ikaingizwa kwenye kompyuta, waraka ukatumwa kwa mchapaji Dar. Kitambaa kikarudi na vikorokoro vitatu, kama kuku kapita na tope.

Akaja Kheri, fundi simu. "Mama, namba hiyo haipiti nzima. Kompyuta hubeba namba kwa vifurushi, na kifurushi kimoja hakizidi mia mbili hamsini na tano. Kwa hiyo herufi yako imesafiri kwa vifurushi vitatu, na mashine ya Dar imekisoma kila kimoja peke yake!" Akampigia mchapaji, akamwelekeza mpaka mashine ikavisoma vyote vitatu kama herufi moja.

Kitambaa kikarudi. Pembeni, kisanduku kitupu.

Bi Mgeni akashika kiuno. "Mtu kampa mjukuu wangu pumzi, nami nimpelekee jeneza?"

Akaja Makame, mwandika vibao vya maduka. "Shangazi, mashine imeshaijua herufi, ila haina sura yake. Ikikosa sura, huchora kisanduku." Akachora kwa mkono wake: kistari kifupi, kistari kirefu, duara chini. Sura hiyo akaituma Dar, ikatiwa kwenye hazina ya herufi za mashine.

Asubuhi ya safari kanga ikafika. Mkunga akaifungua, akaweka kidole juu ya ㅎ.

"Inasomwaje, mwanangu?" akauliza Bi Mgeni.

"Hhh," akasema mkunga. "Ni pumzi tu, bibi."

Bi Mgeni, aliyekuwa na utani hata msibani, akalia kama mtoto. Mkunga akajifunga kanga yake juu ya suruali, akapanda gari, akaenda zake.

Gari halijakata kona, Zuwena akaanza. "Bila namba yangu angeondoka na mzee wa sharubu. Nipeni mtoto nimpe jina."

"Namba yako ilifika vipande vipande kama sahani ya harusini!" akasema Kheri. "Niliyeiunga ni mimi."

"Ukaiunga, tukapata jeneza," akasema Makame. "Mkunga kaweka kidole juu ya nini? Si juu ya mchoro wangu?"

Bi Mgeni akawatazama mmoja mmoja. "Wanangu, ahsante zangu zinawatosha nyote, na nyingine zitabaki. Lakini jina la mtoto ni moja."

Na Huyu mapajani akapiga mwayo: hhh.

Haya, nyinyi mnaocheka, msimwache mtoto wa watu aolewe akiitwa Huyu. Zuwena aliyeijua namba, Kheri aliyeiunga safarini, Makame aliyeipa sura: je, nani alistahili kumpa jina?