Kwa Nini Mlango Huvishwa Taraza ya Mbao

Nimechoka kusikia kwamba taraza, ule ukanda wa mbao wenye nakshi unaozunguka mlango, ni pambo tu la wenye nacho. Si pambo. Imezaliwa na hasira za mwanamke mmoja. Kaeni niwaeleze, na asinikatize mtu.

Hapo kale milango ya mji wetu haikuwa na taraza. Seremala alileta fremu, mwashi akaisimamisha ukutani, na kati ya mbao na ukuta pakabaki ufa. Ufa ulizibwa kwa chokaa. Lakini mbao hufura masika na kusinyaa kiangazi, nayo chokaa haijui kuifuata. Kila mwaka ilipasuka ikadondoka, kila mwaka watu wakaziba tena, wakaona ndivyo dunia ilivyo.

Bi Mwanatumu alimjengea binti yake Esha nyumba. Fremu alizitengeneza Lali seremala, kuta alizijenga Famau mwashi, mafundi hodari wasiopikika chungu kimoja. Haukupita mwaka, ufa wa mlango wa chumba cha Esha ukawa unaingia kidole.

Bi Mwanatumu akamwita Lali. Lali akafumba jicho moja, akaikagua fremu, akasema, "Fremu yangu imenyooka, mama. Ukuta ndio umepinda. Mwite Famau."

Akaitwa Famau. Akateremsha timazi yake, uzi wenye kizito wa kupimia ukuta, akaitazama hadi ikatulia. "Ukuta umesimama kama alifu, mama. Mbao ndizo zilizopinda. Mwite Lali."

Mara saba aliwaita, mara saba wakamrudisha kwa mwenzake. Mwishowe akawa anaziba mwenyewe, chokaa imemjaa kwenye kucha, na kila alichoziba kilianguka.

Esha akajifungua mtoto wa kike. Arubaini yake haijafika nusu, asubuhi moja nge alitoka katika ule ufa akamuuma Esha mguuni, shibiri moja tu kutoka alipolala mtoto. Siku mbili Esha aliungua kwa homa, hawezi hata kunyonyesha. Bi Mwanatumu alimbeba mjukuu anayelia kwa njaa, akizunguka naye chumbani na kuutazama ufa ule. Siku ya tatu homa ikashuka. Bi Mwanatumu hakulia wala hakushangilia. Alituma waitwe mafundi wote wawili, kwa pamoja.

Walipoingia, akafunga mlango wa nje na kuketi kizingitini.

"Leo simuulizi mtu nani kapinda," alisema. "Nauliza, huu ufa una mwenyewe?"

"Si wa fremu," akajibu Lali.

"Wala si wa ukuta," akajibu Famau.

"Basi ni wa nge!" akapiga kelele, na sauti yake ikapasuka. "Mwanangu nusura afe kwa ufa usio na mwenyewe!"

Mafundi wakainamisha vichwa. Bi Mwanatumu akainuka, akawaingiza chumbani kwa Esha, akang'oa ubao mwembamba wa ubavuni mwa kitanda, akaubandika juu ya ufa. "Pigilieni hapa. Nusu ilale ukutani kwako, Famau. Nusu ilale kwenye fremu yako, Lali. Ukifunguka, nawashika nyote."

Famau akaushika ubao, Lali akapiga misumari. Walizungusha mbao pande tatu za mlango, ufa ukafichika. Lakini Lali alipoangalia, akaona mbao tupu zimekaa kama bandeji kwenye kidonda, na jina lake ndilo litakalosemwa. Akatoa patasi akaanza kuchonga. Famau naye hakukubali kupitwa. Akachukua kaa la moto lililozimika, akamchorea maua na majani yale ambayo wao waashi huyakata kwenye plasta. Mmoja alichora, mwingine alichonga, hadi alasiri.

Masika ikaja, kiangazi kikaja. Mbao zilifura na kusinyaa nyuma ya taraza, na Esha akalea mwanawe bila kukagua sakafu kila alfajiri. Majirani wakaja kutazama, wakataka na kwao.

Na kuanzia hapo, hakuna mlango unaokabidhiwa katika mji huu kabla haujavishwa taraza, na seremala na mwashi wote wawili wawepo. Ufa bado upo nyuma yake. Mafundi nao bado wanalaumiana kama mababu zao, sijui watakoma lini. Ila siku hizi hulaumiana huku wanapigilia.