Karasha la Lushinge

"Kinu kilichoshiba hakisagi." Jamani, nyie watoto! Mwenzenu kasinzia baada ya ugali, nanyi mnamrushia methali hiyo na kucheka. Nani kawaambia inahusu tumbo? Mnanichosha. Sikilizeni ilivyoanza, maana ilianzia huku huku machimboni.

Lushinge na dada yake Nkwimba walikuwa na shimo lao. Walihangaika mwaka mzima ndipo wakaufikia mwamba wenye dhahabu. Shida ilikuwa maji. Pampu ikizimwa tu, shimo linajaa na kuta zinaporomoka. Mvua nayo ilikuwa imekata barabara, wakabaki na pipa moja tu la dizeli, la kutumiwa na pampu na karasha pamoja. Karasha ni kile kinu cha chuma kinachozungushwa na injini, na gololi nzito zilizomo ndani huanguka zikiponda mawe yawe unga wa kutolea dhahabu.

Lushinge akakijaza mawe mpaka mdomoni.

"Kaka, punguza," Nkwimba akamwambia. "Tusage kidogo kidogo."

"Tuwashe injini mara ngapi? Nasaga yote kwa mkupuo, nibane mafuta."

Ubishi wa mtu yule, Mungu amrehemu! Ukimwonya kuna shimo, anatumbukia ili akuonyeshe halipo.

Kinu kikazunguka. Siku zote kilipiga kelele hata watu hawasikilizani, lakini siku hiyo kilikuwa kimya. Lushinge akatabasamu.

"Unasikia? Kinasaga laini."

"Kimenyamaza, kaka! Gololi hazina pa kuangukia. Kitaponda na nini?"

"Hebu niache nifanye kazi!"

Akakiacha kizunguke mchana kutwa. Jioni injini ikazima yenyewe, pampu nayo ikafuata. Pipa lilikuwa kavu. Wakasimama ukingoni wakitazama maji yanapanda na kuta zinameguka, mpaka mwamba wao ukafukiwa. Nkwimba alilia kwa hasira.

Lushinge akakimbilia kinu, angalau apate unga. Akafungua, akatoa jiwe. Lilikuwa na ukubwa ule ule.

"Dizeli yote ile," akasema, "imezungusha mawe tu?"

"Nilikwambia! Kimeshiba hicho, kitasagaje?"

 Basi mkimwona mtu anarundika kazi zote pamoja akidhani anaokoa, huyo ndiye wa kuambiwa, tena mapema, kabla shimo halijafukiwa: kinu kilichoshiba hakisagi.