Kiti cha Chumvi cha Mji wa Heroe

Hapo zamani za kale, zamani ambazo hata nyanya yangu alizipata kwa kusimuliwa, wanyama walikuwa na nyumba zao, masufuria yao na umbea wao. Mnasikia? Haya, sogeeni.

Asubuhi moja Digidigi, yule swala mdogo mwenye miguu kama vijiti, alikuwa barazani kwake akinywa chai na shoga yake Nyati. Mara, du! du! du! Vikombe vikatikisika. Jirani yao Kiboko huyo, shati kalifunga vifungo mpaka kooni.

"Nimechoka na kijiji hiki," akasema, akajimiminia chai bila kukaribishwa. "Twende Mji wa Heroe."

"Lini?" Digidigi akauliza.

"Sasa hivi! Kupanga safari ni ushamba."

"Na njia unaijua?"

"Shemeji! Mji ule mimi naujua nje na ndani."

Kiboko hakuwahi kuvuka hata kilima cha kwanza. Lakini watu wa namna hii mnawafahamu.

"Mimi nina mtoto anayenyonya," Digidigi akasema. "Nikimwacha kwa Bi Kobe, lazima niwe nimerudi kabla jua halijazama. Hajaweza kutafuna hata jani."

"Jioni tumesharudi!"

"Kama anavyosema shemeji," Nyati akadakia, maana naye hakupenda kuonekana mtu asiyesafiri.

Wakaondoka vile vile, chai haijapoa. Wakavuka kilima, wakavuka mbuga nyeupe ambako hewa ilicheza kama pazia, na kila walipodhani wamefika, mji ulisogea mbele kidogo. Kisha ghafla wakawa ndani yake.

Lo! Barabara zake zilikuwa maji, maji ya kina cha kwato, yametulia kama kioo. Juu heroe maelfu, ndege warefu wa rangi ya waridi; chini heroe maelfu wengine, vichwa chini miguu juu. Hukujua upi ni mji na upi ni kivuli cha mji. Makelele sasa! Kwaa-kwaa, kwaa-kwaa! Wachuuzi wakipiga mbiu: "Osha kivuli chako! Kivuli safi hapa!" Umati ukienda kushoto, wote kushoto, ukigeuka, fyuuu! wote wamegeuka.

Langoni alikuwepo heroe mmoja mzee, Bi Mlangoni, aliyepokea wageni. Akawaamkia kwa adabu ya kwao: akakunja mguu mmoja, akainamisha shingo.

"Najua, najua," Kiboko akasema. Akainua mguu. Akainua na wa pili. Chubwi! Maji yakaruka mpaka sokoni.

"Sisi wazoefu," akasema akipangusa macho, "huwa tunaamkia hivi."

Akaenda zake kutembea, Nyati nyuma yake. Digidigi akabaki sokoni. Kwato zilikuwa zimelowa na miguu inamuuma. Katikati ya soko palikuwa na kiti cheupe cha chumvi, kitu pekee kikavu mji mzima. Akakaa.

Paa! paa! paa! Mabawa yakapigwa. "Amekaa! Mgeni wetu amekaa!"

Wakamletea bakuli, wakampepea, wakamwimbia. Vizuri sana. Lakini alipotaka kuinuka, mabawa yakamzunguka kama ukuta laini.

"Kiti cha mgeni hakiachwi kitupu," Bi Mlangoni akamwambia kwa upole. "Aliyekikalia haondoki mpaka mgeni mwingine akiombe kwa kinywa chake."

"Na asipotokea?"

"Wa mwisho alikaa mpaka pembe zake zikaota ukungu, akafia papo hapo. Tulimpenda sana."

Digidigi akatazama juu. Jua limeshaanza kuinama, maziwa yanamjaa. "Mbona hamkuniambia?"

"Huwa tunamuuliza anayekiomba kama anaijua desturi. Akisema hajui, tunamweleza. Wewe ulikikuta kitupu, ukakaa tu."

"Basi akisema anajua?"

"Anayejua tumweleze nini, mwanangu?"

Digidigi akaangaza macho sokoni. Kisha akawaona wenzake wanarudi kwa mbali. Akainua kidevu, akakunja miguu, akafumba macho kama bibi harusi.

"Hee!" Nyati akasema. "Shoga, umekalia nini?"

"Wanasema ni kiti cha mgeni. Nimewaambia wangemngoja shemeji Kiboko, yeye ndiye mwenyeji wa miji. Lakini pengine naye hakijui kiti chenyewe."

"Mimi? Nisikijue?" Kiboko akavimba. "Nimekikalia kabla hujazaliwa! Nipishe!"

"Kwa nini yeye?" Nyati akamsukuma kwa bega. "Nipishe mimi, shoga!"

"Mimi!"

"Mimi!"

Bi Mlangoni akanyoosha shingo katikati yao. "Wageni wangu, mnaijua desturi ya kiti hiki?"

Nyati akainamisha kichwa. Akaangalia maji. "Kusema kweli... hapana. Siijui. Ikoje?"

"Ha! ha! haaa!" Kiboko akacheka mpaka mawimbi yakatembea barabarani. "Siijui! Umeniaibisha mbele za watu, Bi Nyati!"

"Nawe, bwana," Bi Mlangoni akauliza, taratibu, "unaijua?"

Digidigi akasogea ukingoni mwa kiti. Jua lilikuwa linashuka kuelekea kilimani.

"Nani asiyeijua? Usijisumbue kunieleza. Mdogo, shuka!"

Digidigi akashuka kabla neno halijaisha. Kiboko akakaa, kiti kikalia kriii, na mji mzima ukapiga mabawa: "Amekaa! Amekaa!"

"Mnaona?" Kiboko akasema, macho yamelegea kwa raha. "Hapa nafahamika."

Lakini Digidigi alikwisha kuwa langoni, chapu chapu chapu, na Nyati akihema nyuma.

"Shoga! Na shemeji je?"

"Kaulizwa kama anajua, kakataa kuelezwa. Kimbia!"

Alifika kwa Bi Kobe jua limebakiza ukucha. Mtoto akalia mee, akanyonya, akalala na matone kidevuni.

Kiboko alikaa kule kwenye kiti cha chumvi msimu mzima, akilishwa chakula cha heroe, kile kinachowapa rangi yao, mpaka akatokea Kongoni mmoja aliyejua kila kitu. Aliporudi kijijini, jasho lake lilikuwa la rangi ya waridi, na mpaka leo halijamtoka. Ukimuuliza habari za safari, anazama majini, yanabaki matundu ya pua tu.

Basi, wanangu: ukiulizwa kama unajua, na hujui, sema hujui.